Kidole Gumba cha Khalti Zamzam

Nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi ya Kawangware. Nilikuwa nimesimama varandani na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakataa kukunja viwiko, na nyuma ya pazia la thieta, chumba cha upasuaji, mtu alikuwa anacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilikuwa kile cha tumboni, kinachomfanya mtu atafute kitu cha kushika. Nilidhani nimekosea mlango.

"Wacha, wacha, utaniua kabla hujanikata," yule mtu akasema.

"Cheka tena kidogo," sauti nyingine ikamjibu. "Sijamaliza kuchora."

Nikavuta pazia. Mezani alikuwa amelala Kariuki, mchuuzi wa viazi, mtu mwenye ualbino ambaye jua la sokoni lilikuwa limemla uso kwa miaka mingi. Shavuni alikuwa na kidonda kidogo chenye ukingo unaong'aa kama ushanga. Kijana wa rika langu alikuwa amemwinamia, kalamu ya wino wa zambarau mkononi, akichora umbo la jani jembamba kukizunguka kidonda kile. Kando yao, mikono nyuma, alisimama Daktari Nduta, mpasuaji mkuu wetu, akitabasamu.

Kijana yule alikuwa Ouma. Nilifanya kazi na Daktari Nduta mpaka alipostaafu, na sikuwahi kumfanya atabasamu vile. Kwa hiyo nilianza kumwonea Ouma wivu kabla sijajua jina lake, na leo, nimekwisha kurudisha funguo na kiti changu kina mtu mwingine, bado namwonea. Ninyi mnaoingia kazini sasa mmeniomba niandike niliyoyaona. Nitaandika. Ila msome mkijua kalamu imeshikwa na nani.

Mimi na Ouma tulikuwa maafisa wa kliniki, wote wawili tumesomea magonjwa ya ngozi. Mtaani walituita madaktari, nasi hatukubishana nao. Yeye alitoka Gatwekera, ambako mama yake alihamia kutoka upande wa ziwa. Mimi ni Mnubi wa Makina, nimezaliwa na kulelewa hatua chache kutoka msikitini. Tulikuwa majirani wa Kibera ambao hawakuwahi kukutana mpaka kazi ilipotuvusha kwenda Kawangware. Hapo ndipo palipokuwa na thieta. Kibera tulikuwa na chumba kimoja tu cha kupimia watu, Makina, chenye dirisha zuri na bomba la maji lenye tabia zake.

Siku ile ya kwanza nilidhani Ouma anapiga gumzo. Jioni Daktari Nduta akanieleza, kwa ile sauti yake kavu kama karatasi ya msasa.

"Umeona alichofanya?"

"Amemchekesha mgonjwa."

"Haiya! Ameusoma uso wake. Mtu akicheka, ngozi inakuonyesha mikunjo yake. Ukikata ukifuata mkunjo, kovu litalala ndani yake lisionekane. Ukikata ukiupinga, umempa mtu alama mpaka kaburini. Wengine huwa tunamwambia mgonjwa akunje uso, anakunja kama amelamba ndimu. Huyu anamchekesha."

Kisha akaongeza, kana kwamba sikuwa nimeumia vya kutosha: "Hilo sikumfundisha mimi."

Nilijaribu. Nilijifunza hadithi za kuchekesha, nikazisimulia huku nimeshika kalamu. Mama mmoja wa Riruta alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa huruma kama nimekula. Nikarudi kuwaambia watu wakunje uso kama wamelamba ndimu.

Basi yashikeni haya, ambayo hayahitaji ucheshi. Chora mpaka wako kabla ya kudunga ganzi, kwa sababu dawa ikishaingia ngozi inavimba na ukingo wa ugonjwa unapotea machoni. Ondoa na ngozi kidogo yenye afya pembeni, usiukwepe ukingo ati kwa kumwonea mgonjwa huruma, maana mzizi unaobaki hauna huruma. Kipande ukishakitoa, kabla hakijaingia kwenye chupa ya dawa, kitie uzi mmoja upande uliokuwa juu. Uzi huo ndio utakaomwambia mtu wa maabara kipi ni kichwa na kipi ni miguu. Akisema ugonjwa umegusa ukingo wa kushoto, utajua pa kurudi. Bila uzi, umempelekea kipande cha nyama. Ouma alifunga uzi huo kwa fundo dogo, safi, mikia miwili sawa. Fundo langu lilifanana na kamba ya kufungia mbuzi. Yote mawili yalifanya kazi, na watu wa maabara waliniambia hivyo. Hawakuniambia kwa sauti ile waliyolisifia fundo la Ouma.

Kuna visa ambavyo hakuna aliyecheka. Nawakumbuka watu wa makovu ya moto. Katika nyumba za mabati jiko la mafuta likilipuka huacha kovu kwenye mguu wa mtoto, mtoto anakua, anaoa, anasahau. Miaka mingi baadaye kovu linapasuka na kuwa kidonda. Anakifunga kitambaa, anakinyunyizia unga wa kapsuli, kinapona nusu, kinapasuka tena, ukingo wake unavimba kama koliflawa. Mtu wa namna hiyo aliletwa kwetu kutoka Gatwekera amebebwa mgongoni na kaka yake, na tukampeleka hospitali kubwa ambako mguu ulikatwa. Kidonda juu ya kovu la zamani ambacho hakiponi, usikibadilishie bandeji tu. Kata kipande kipimwe. Na mtu mweusi asikuambie saratani ya ngozi ni ya wazungu na wenye ualbino pekee. Sisi ile mbaya zaidi hutufuata mahali ambapo jua halifiki: nyayoni, viganjani, chini ya ukucha.

Nimefika kwenye ukucha. Ndio ulionifanya nikubali kuandika.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, Khalti Zamzam. Hakuna bibi harusi wa Makina wa zama zangu ambaye mikono yake haikupita mbele yake. Yeye ndiye mpakaji hina. Anaikandia kwenye bakuli, anaitia ndani ya koni ya nailoni, halafu koni hiyo anaikamua kwa kidole gumba cha kulia, na mstari unatoka mwembamba kama unywele. Kidole hicho ndicho pampu, breki na usukani. Kimetusomesha watoto wanne ambao hakuzaa hata mmoja.

Nami nilikaa chini, kando ya mkeka wake, utoto wangu wote nikichunga unga wa hina kwa kitambaa chepesi, kazi ambayo wavulana wenzangu walinicheka mpaka nikapigana. Huko chini ndiko nilikojifunza kitu ambacho chuoni hakuna aliyenifundisha. Hina haikai mahali pamoja. Kwenye ngozi inafifia, lakini kwenye ukucha inatembea. Ukucha unaota kutoka shinani, unaisukuma hina mbele, na nyuma yake unaacha mwezi mweupe safi. Khalti alikuwa akiwatazama wanawake mikononi na kujua harusi ya mwisho waliyohudhuria ilikuwa lini. "Huyu ametoka kwenye sherehe juzi tu," angeninong'oneza. "Huyu hajaalikwa popote siku nyingi, maskini."

Asubuhi moja ya Idi nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amechoka, hakuwa amepaka upya kwa sababu ya wateja wengi, na alinipa chai kwa mkono wa kulia. Nikaona kwenye vidole vyake vyote miezi myeupe imechomoza shinani. Kidole gumba hakikuwa na mwezi. Weusi ulianzia kwenye shina lenyewe, mstari mnene uliopanda hadi ncha, na pale ukucha unapozama ndani ya nyama, weusi ulikuwa umemwagika kidogo juu ya ngozi kama wino.

"Khalti, hii ni nini?"

"Hina. Wewe umekuwa mgeni?"

"Tangu lini?"

"Ukucha uliharibika. Nikaufunga hina iukaushe. Bado haujakauka, Idi ikipita naufunga tena."

Ndivyo wanawake wetu hufanya. Ukucha ukiwa mbovu, ukibadilika rangi, dawa ya kwanza ni hina, nzito, ya usiku kucha. Hina ndiyo dawa na hina ndiyo pazia. Kila alipoona weusi aliufunika kwa wekundu, na kila mtu aliyemshika mkono aliona kazi yake ya kila siku.

"Hina inatembea, Khalti," nikamwambia. "Wewe ndiye uliniambia. Hii haijatembea."

Akauvuta mkono wake, akaufunika kwa mtandio.

"Kunywa chai."

Alijua. Nadhani alikuwa amejua kabla yangu. Alichoogopa si kifo. Alikuwa amesikia kwamba tunakata, na aliona picha ya koni iliyolala bakulini bila mtu wa kuikamua. Nilimwendea kila nilipotoka kazini, Makina nzima ikatusikia tukibishana. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu ukiwa juu juu unaondoka na ukucha, ukizama unakwenda kwapani na kwenye mapafu. Akaniambia nimesoma sana.

Aliyemleta Kawangware ni Ouma. Nilifanya kosa la kumweleza kisa hicho, naye bila kuniambia akapita Makina, akabisha hodi, akamwambia:

"Mathe, niaje? Nimeambiwa una kidole kinaringa."

Mathe! Hakuna mtu Makina aliyewahi kumwita Khalti Zamzam jina hilo la vijana wa mtaani. Mimi ningepigwa kwa kandambili. Yeye alicheka. Alicheka, akajifunga buibui, akamfuata. Nilipowaona wakiingia kliniki bega kwa bega nilikuwa nikipima joto la jokofu, na nakumbuka nilitamani kuingia ndani yake.

Daktari Nduta alikata kipande. Siku za kusubiri majibu, Khalti aliendelea kupaka hina kwa mkono wa kushoto, mistari ikitetemeka, na wateja wakaanza kusema kwamba umri umemwingia. Majibu yakaja. Ilikuwa melanoma, ile saratani mbaya niliyoiogopa, lakini ilikuwa bado imelala kwenye tabaka la juu, haijachimba.

Daktari akatuita sote chumbani na kumwambia waziwazi. "Mama, njia ni mbili. Ya kwanza, nakata kidole hapa kwenye kiungo. Ni rahisi, haraka, na ninalala usingizi. Ya pili, tunaondoa ukucha wote pamoja na kitanda chake na shina lake, mpaka kwenye mfupa, na ukingo wa ngozi pembeni. Halafu tunachukua ngozi upande wa ndani wa mkono wako, juu ya kiwiko, tunaishonea hapo. Kidole kinabaki. Ukucha hautaota tena maishani. Na lazima urudi, tukuangalie, tukuguse kwapani, tena na tena. Kama hutarudi, ni afadhali nikate sasa."

"Nitakamua koni?"

"Ngozi ikishika, utakamua."

"Na nani atashona?"

Daktari akageuza kichwa upande wa Ouma. "Mimi nitakata. Kushona ngozi nyembamba kiasi hicho, vidole vya huyu ni bora kuliko vyangu."

Nikajitolea kushika koleo. Nilisema nitakaa upande wa pili wa meza, sitasema neno.

"Wewe ni jamaa," Daktari Nduta akasema. "Jamaa anakaa nje. Wee Abdalla, usinitazame hivyo, ningekuwa mama yako mimi ningetaka ukae wapi?"

Ni sheria nzuri. Ishikeni. Mkono unaompenda mgonjwa hukata padogo, ukiogopa, na ukingo unabaki na ugonjwa. Nayaandika haya kwa akili yangu timamu. Siku ile, varandani, mahali palepale niliposimama asubuhi yangu ya kwanza, nilitafuna kucha zangu na nikaichukia sheria.

Kisha nikasikia kicheko. Cha tumboni. Khalti yangu, amefungwa mpira shinani mwa kidole kuzuia damu, mfupa wake uko nje kwenye mwanga wa taa, anacheka. Nilikaa kando ya mkeka wake miaka yote ile na sikumbuki kumchekesha hivyo.

Ouma alipotoka, kofia ya thieta imemlowa jasho, nilimfuata hadi kwenye sinki.

"Kidole gumba hakina mikunjo ya kicheko," nikamwambia.

"Najua."

"Ulikuwa unamchekeshea nini basi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Alikuwa anaogopa, bana."

Niliiona mishono yake alipofungua bandeji. Alikuwa ameacha nyuzi ndefu na kuzifunga juu ya pamba, ili pamba iikandamize ngozi mpya isielee juu ya damu. Jifunzeni fundo hilo. Chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, imeshika pande zote. Nilisema, "Imeshika." Nilitafuta kasoro, sikuipata. Na maabara wakasema ukingo wote ulikuwa safi, juu, chini, kushoto, kulia. Hapo nilikwenda nyuma ya kliniki, kwenye matangi ya maji, nikalia kama mtoto. Wivu una ratiba yake. Siku hiyo ulinipa likizo, kesho yake ukarudi kazini mapema.

Daktari Nduta alipostaafu alitugawia vitu vyake. Alimpa Ouma miwani yake ya kukuzia, ile ya vioo viwili iliyokuwa usoni pake katika kila upasuaji. Mimi alinipa birika la chai. "Unajua kupika chai," akasema. Ni kweli, na ni birika zuri.

Baada ya hapo Ouma alikaa Kawangware, mimi nikapewa chumba cha Makina. Nikawa mtazamaji wa kucha na nyayo. Niliweka beseni la maji na sabuni mlangoni, nikawaambia kina mama nitaangalia miguu baada ya kuoshwa. Waliokuwa wamepakwa hina niliwaambia warudi ikishatembea. Niliona magamba, fangasi, damu iliyovilia chini ya kucha za wacheza mpira, na mara chache, mara chache sana, niliona kile chenyewe. Niliwaandikia Kawangware, na Ouma akakata, akashona, na watu wakarudi Makina wakinieleza jinsi Ouma alivyo mtu mzuri. Mmoja aliniuliza kama namfahamu.

Nimestaafu sasa. Alasiri baada ya kukabidhi chumba niliwaalika watu wawili tu nyumbani kwangu, Makina. Ouma alikuja na keki iliyobondeka upande mmoja. Khalti Zamzam alikuja na mandazi, na kidole gumba kisicho na ukucha, laini kama kisigino cha mtoto, kikiwa na rangi ya hina mpya. Bado anapaka. Mstari wake umerudi kuwa mwembamba kama unywele.

Nikamimina chai kutoka kwenye lile birika. Khalti akamshika Ouma mkono, akaanza tena, kama anavyoanza kila tukikutana.

"Mwanangu, huu mkono ni wako. Kila bibi harusi ninayempaka, nakuombea dua."

"Mathe, nikwambie mara ngapi? Abdalla ndiye aliona. Mimi nilishona tu."

"Aliona. Kwani nani alimfundisha kuona?" Akanigeukia, macho yake madogo yakimetameta. "Huyu akiona, nimeona mimi. Sasa unataka nijishukuru? Niketi hapa nijiambie, ahsante Zamzam?"

Ouma akacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilikaa na kikombe changu. Nilielewa nilichokuwa nimepewa. Nilielewa kwamba mgeni hushukuriwa, na kwamba mimi sikuwa mgeni, nilikuwa jicho lake tu, na kitu hicho ni kikubwa kuliko dua zote za mabibi harusi wa Makina. Na bado, Mungu anisamehe, nilikitaka kile kidogo alichopewa Ouma.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Khalti akainuka, akatafuta viatu vyake. Nikachukua mwavuli.

"Nitakusindikiza, Khalti."

"Wewe kaa. Mwanangu huyu atanishika." Akapitisha mkono wake kwenye mkono wa Ouma. "Wewe osha vikombe. Na hilo birika usilikwangue kwa steelwire ya kusugulia masufuria, utaliharibu."

Wakavuka kizingiti. Ouma akamwinamia, akamwambia kitu sikioni, sikukisikia. Khalti akaanza kucheka, kile kicheko cha tumboni, na huku akicheka akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaukamata mlango kwa kidole gumba kile, akaufunga.